Hati ni yako, ufunguo anao nani?

Yafuatayo ni maneno ya mada iliyosomwa mbele ya vijana wa mjini kuhusu programu za ofisini, muundo wa mafaili na siri za mtumiaji. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ili nawe uliyekosa kiti uyapate.



Nina maswali mawili. La kwanza: barua uliyoiandika mwenyewe, kwa vidole vyako, ukaihifadhi kwenye kompyuta, ni ya nani? Najua utajibu haraka kwamba ni yako. Haya, la pili: ufunguo wa kuifungulia anao nani? Hapo ndipo wengi tunapoanza kukuna vichwa.

Wazee wetu waliijua adha hii. Mzee asiyejua kusoma alipopata barua ya mwanawe aliye mbali, aliipeleka kwa jirani aliyesoma. Jirani akaisoma kwa sauti. Jua halijazama, mtaa mzima ulishajua kwamba kijana kafukuzwa kazi na anaomba nauli ya kurudi. Barua ilikuwa ya mzee, lakini siri ilishikwa na jirani. Ndiyo maana nchi hii ilihangaika na elimu ya watu wazima: kila mtu asome barua yake mwenyewe.

Leo tunasoma wote. Lakini tumerudi kulekule kwa jirani, safari hii jirani mwenyewe yuko ng'ambo, hatumjui sura, na anatutoza ada kila mwezi ili tusome tulichokiandika wenyewe. Jamani, huku si kuingizwa mkenge?

MAMBO MATATU, USIYACHANGANYE

Kuna mambo matatu ambayo watu huyatia kwenye kapu moja. La kwanza ni programu yenyewe, ile unayoifungua ili uandike. La pili ni muundo wa faili, yaani namna maneno yako yanavyopangwa ndani ya faili unapobonyeza kuhifadhi. La tatu ni siri yako: nani anaona ulichoandika, na faili lako linasema nini juu yako bila wewe kujua.

Tuanze na programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta iyafuate. Ile ya chanzo huria, maagizo yake yamewekwa hadharani. Unaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kuwagawia wenzako. Ni kama kula kwa mama ntilie anayepikia mbele yako: unaona alichotia chunguni, na ukiwa na macho makali utaona na mkono wake kama ameuosha. Programu iliyofungwa ni hoteli yenye jiko la nyuma. Huenda chakula ni kitamu na kisafi kabisa. Ila unakula kwa imani.

Sasa muundo wa faili. Mafundi wa gereji mliopo hapa mtanielewa upesi. Nati ya spana namba 13 hufunguliwa na spana yoyote namba 13, iwe ya Kijerumani, ya Kichina au ya Kihindi. Vipimo vinajulikana na kila kiwanda kinavifuata. Hebu fikiria kiwanda kimoja kitengeneze nati ya umbo lake pekee, vipimo vyake vikae kabatini, na spana yake iuzwe na kiwanda hichohicho. Gari utalinunua kweli, kadi itaandikwa jina lako, lakini kila likigoma utarudi kwa bwana yuleyule, kwa bei anayoitaka yeye.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya faili la Word lenye mkia wa .doc kwa miaka mingi. Maelezo kamili ya namna lilivyopangwa hayakuwekwa hadharani kwa watu wote hadi Februari 2008, Microsoft ilipoyachapisha. Kabla ya hapo, wengine waliotaka programu zao zifungue faili hilo walikuwa wanapapasa gizani, wakikisia. Dunia nzima ilikuwa imeshaandika barua, hukumu, mikataba na vyeti kwa nati ambayo vipimo vyake vilikuwa kabatini.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, fanya jaribio hili. Andika barua kwa LibreOffice, uihifadhi kwa muundo wake wa kawaida, mkia wake ni .odt. Toa nakala ya faili hilo, kisha nakala hiyo ibadilishe mkia uwe .zip, uifungue. Ndani utakuta mafaili madogo madogo. Moja linaitwa content.xml: humo yamo maneno yako, yanasomeka kwa programu yoyote ndogo ya kuandikia. Jingine ni styles.xml, la mitindo ya herufi. Jingine ni meta.xml, na hilo tutalirudia baadaye, maana lina mdomo. Hata kama kesho programu zote za ofisi zitatoweka duniani, mtu mwenye subira atayatoa maneno yako humo.

KIJANA WA LÜNEBURG

Programu hii ilianza na kijana kama ninyi. Mwaka 1985, katika mji wa Lüneburg huko Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kijana Marco Börries, ambaye umri wake ulikuwa miaka 16 tu, alianzisha kampuni iliyoitwa Star Division. Programu yake ya kuandikia ikakua ikawa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ikainunua. Mwaka 2000 Sun ikafanya jambo ambalo matajiri wengi hawalifanyi: ikayaweka maagizo ya programu hiyo hadharani, kwa jina la OpenOffice.org. Toleo namba moja likatoka mwaka 2002.

Januari 2010 Sun nayo ikamezwa na Oracle. Waliokuwa wakiijenga programu hiyo, wengi wao watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, wakaanza kuwa na wasiwasi na mwenye nyumba mpya. Septemba 28, 2010 wakatangaza kwamba wanahama. Wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, na programu wakaiita LibreOffice. Kwa kuwa leseni ilikuwa huria, waliondoka na maagizo yote, hakuna polisi aliyeitwa wala mahakama iliyowazuia. Mwaka uliofuata Oracle iliachana na OpenOffice.org ikaikabidhi kwa taasisi ya Apache.

Hapo kuna somo kubwa. Kampuni mbili zilibadilishana umiliki, mabwana walikuja wakaondoka, lakini mtumiaji wa kawaida aliyekuwa na barua zake hakupoteza hata moja. Angekuwa kwenye programu iliyofungwa, siku mwenye nayo anapoamua kufunga duka, mtumiaji angefungiwa pamoja na bidhaa.

KURA ZA VIWANGO NAZO ZINA MAMBO

Sasa sikilizeni ya siasa, maana msidhani siasa iko kwenye majukwaa peke yake.

Muundo huo huria wa faili unaitwa OpenDocument, kwa kifupi ODF. Ulipitishwa mwaka 2005 na OASIS, jumuiya ya kimataifa inayotunga viwango vya kompyuta. Mwaka 2006 ukapitishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, kwa namba 26300. Vipimo vya nati vikawa wazi kwa kila mwenye kiwanda.

Mwaka 2005 huohuo, jimbo la Massachusetts huko Marekani likatangaza kwamba hati zake zitahifadhiwa kwa muundo huria. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: kumbukumbu za umma ni za umma, hazipaswi kutegemea uhai wa kampuni moja. Mkuu wa teknolojia wa jimbo hilo aliitwa Peter Quinn. Upinzani ukaanza. Gazeti likaandika juu ya safari zake za nje, uchunguzi ukafanywa, akaonekana hana hatia. Lakini alikuwa ameshachoka. Akatangaza kujiuzulu mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwaka 2007 jimbo likaukubali na muundo wa Microsoft katika orodha yake.

Muundo huo wa Microsoft, ambao ndio uliozaa mkia wa .docx, ulipelekwa nao ISO ukatafute muhuri. Maelezo yake yalizidi kurasa 6,000. Kila nchi ikatakiwa ipige kura. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: huko Sweden, nchi tunayoimbiwa kila siku kwa usafi wake, Agosti 2007 makampuni zaidi ya 20 yalijiunga na kamati ya viwango siku ya kura yenyewe, yakalipa ada, yakapiga kura ya ndiyo. Baadaye ikabainika kwamba mfanyakazi wa Microsoft aliwaandikia washirika wa kampuni akiwaahidi msaada wa kibiashara endapo watajiunga. Kampuni ikasema lilikuwa kosa la mfanyakazi huyo na kwamba ilishalirekebisha. Shirika la viwango la Sweden likaifuta kura hiyo kwa sababu mshiriki mmoja alipiga zaidi ya mara moja, na nchi ikabaki bila kura.

Septemba 2007 muundo huo ukashindwa duniani. Mwaka 2008, baada ya marekebisho na kura kubadilika, ukapita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa. Rufaa zikatupwa.

Nayasema haya kwa nini? Kwa sababu wengi wetu tunadhani kompyuta imeshuka kutoka mbinguni na muundo wa faili ni kama majira ya mvua. Sivyo. Kuna chumba, kuna meza, kuna watu wamekaa wanapiga kura juu ya barua yako. Asiyekuwemo chumbani hupangiwa. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: .docx ya leo maelezo yake yamechapishwa, na LibreOffice huifungua. Lakini mkijaribu mtaona mistari inahama, jedwali linapinda, picha inaruka ukurasa. Kurasa zaidi ya 6,000 si mchezo, na anayeielewa vizuri kuliko wote ni aliyeiandika.

FAILI LENYE MDOMO

Niliahidi kurudi kwenye lile faili dogo la meta.xml. Kila faili la ofisi, liwe huria au la kampuni, lina maneno mawili: uliyoandika wewe, na linayoyasema lenyewe pembeni. Jina la aliyeandika. Saa aliyoanza. Mara ngapi lilihifadhiwa. Nani alilishika mwisho. Pengine hata sentensi ulizozifuta.

Mwaka 1999 iligundulika kwamba programu za Office 97 zilikuwa zinatia ndani ya kila hati namba maalumu iliyotokana na namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta. Kwa maneno mengine, barua isiyo na jina ilikuwa na alama ya kidole ya mashine iliyoiandika. Watumiaji hawakuambiwa. Kelele zilipozidi ndipo Microsoft ikatoa dawa ya kuiondoa.

Februari 2003, serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa kuhalalisha vita vya Iraki. Ikauweka hadharani kama faili la Word. Sehemu kubwa ya waraka ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye makala ya msomi mmoja. Mtaalamu wa kompyuta akachungulia ndani ya faili, akakuta orodha ya mara kumi za mwisho ulipohifadhiwa, pamoja na majina ya watu wa ofisi ya Waziri Mkuu walioupitisha mikononi. Vigogo wakaumbuka, tena kwa faili lao wenyewe.

Kisa cha tatu kinatoka Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Muuaji aliyeua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991 alikuwa akiwaandikia polisi barua za kejeli. Akawauliza: nikituma disketi, mtaweza kunifuatilia? Polisi wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba asiwe na shaka. Februari 2005 akatuma disketi kwenye kituo cha televisheni. Ndani yake kulikuwa na hati ya Word iliyofutwa. Hati hiyo ikataja jina la kanisa na jina "Dennis". Polisi wakatafuta kanisa, wakamkuta Dennis Rader, rais wa baraza la waumini. Mwezi haukwisha, akawa ndani.

Hapo sote tunashangilia, na tuna haki. Lakini kalamu iliyomtaja muuaji haichagui. Itamtaja vilevile mfanyakazi anayeandika barua ya siri kuhusu wizi wa bosi wake. Itamtaja mwanafunzi anayemlalamikia mwalimu anayetaka rushwa ya ngono. Itamtaja mwandishi wa gazeti na mpasha habari wake. Wao hawajaua mtu, na hawakuwahi kuambiwa kwamba kalamu ina mdomo.

SASA HATA KUANDIKA KUNAANGALIWA

Enzi za disketi, angalau faili lilikaa kwako mpaka ulitume. Leo programu yenyewe inapiga simu nyumbani. Mwaka 2018, Wizara ya Sheria ya Uholanzi iliagiza uchunguzi wa programu za Office zilizokuwa zikitumika katika ofisi za serikali, zenye watumishi wapatao 300,000. Wachunguzi wakakuta kwamba programu inaweza kupeleka kwa Microsoft taarifa za matukio ya aina kati ya 23,000 na 25,000. Mtumiaji hakuelezwa ipasavyo na hakuwa na swichi ya kuzima yote. Serikali ya Uholanzi ikabana, na mwaka 2019 kampuni ikabadilisha mambo. Sawa. Lakini ilihitaji serikali nzima ya Ulaya, na wanasheria wake, ndipo swichi ipatikane. Wewe na mimi tuna mwanasheria gani?

Mwaka huohuo wa 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act. Kwa sheria hiyo, kampuni ya Kimarekani inaweza kuamriwa itoe taarifa ilizozishika hata kama kompyuta zinazozihifadhi ziko nchi nyingine. Juni 2025 mkurugenzi wa masuala ya sheria wa Microsoft nchini Ufaransa aliulizwa na maseneta, akiwa chini ya kiapo, kama anaweza kuhakikisha kwamba taarifa za Wafaransa hazitakabidhiwa kwa Marekani bila idhini ya Ufaransa. Akajibu kwamba hawezi kuhakikisha. Ikiwa Ufaransa haihakikishiwi, sisi tunahakikishiwa na nani?

Wala msidhani jirani mwenye kusoma barua ni Mmarekani peke yake. Programu ya WPS, ambayo wengi wenu mnayo kwenye simu, ni ya Uchina. Mwaka 2022 mwandishi wa riwaya wa nchi hiyo alilalamika kwamba amefungiwa nje ya mswada wake mwenyewe wenye herufi zaidi ya milioni moja, kwa madai kwamba una maneno yaliyokatazwa. Kampuni ikasema haikagui mafaili yaliyo kwenye kompyuta ya mtu, kwamba ilichozuia ni kiungo cha kulisambaza faili lililo mtandaoni. Chukueni maelezo ya upande mnaoutaka. Ukweli unaobaki ni kwamba mtu alibisha hodi kwenye kazi yake, akaambiwa hapana.

KWETU JE?

Sisi tumeshawahi kuonyesha kwamba tunaweza. Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Faili, hariri, hifadhi, vyote kwa lugha ya mtaani kwetu. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti kuomba ruhusa, kwa sababu maagizo yalikuwa wazi. Microsoft nayo baadaye ikatoa tafsiri yake ya Kiswahili. Lakini kumbukeni kwamba kazi ya namna hii haimalizwi siku ya uzinduzi. Kila toleo jipya lina maneno mapya, na maneno hayo hutafsiriwa na watu waliojitolea. Kijana mwenye kompyuta na Kiswahili kizuri ana mahali pa kuanzia leo.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataja haki ya faragha pamoja na mawasiliano yako. Zisomeni. Lakini sheria ni kama mlinzi wa zamu: hufaa zaidi kama mlango umeufunga mwenyewe.

Na mlango tunauacha wazi wenyewe. Nendeni steshenari yoyote yenye foleni ya waombaji kazi. Kwenye kompyuta ya kaunta mtakuta CV za watu zimejaa kioo kizima: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya kitambulisho, majina ya wadhamini, hata vyeti vilivyoskaniwa. Kijana kaja, kachapiwa, kalipa, kaondoka. Nakala imebaki. Tapeli anahitaji nini zaidi? Na kompyuta hiyohiyo mara nyingi ina kopi ya wizi ya programu, iliyovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana. Mtu aliyevunja kufuli la mwenzake ndiye tunayemwamini atulindie la kwetu! Tena kuna njia halali isiyo na gharama hata senti tano.

Wapo watakaosema cha bure hakina maana. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilihamia OpenOffice mwaka 2005. Serikali ya Uingereza mwaka 2014 ilichagua ODF kwa hati zinazohaririwa na kubadilishanwa. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani, Aprili 2024, liliamua kuhamishia kompyuta za ofisi zake zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice. Hao si watu wa kuokota vya jalalani.

Wapo watakaosema jiji la München lilijaribu likashindwa. Kweli, lilianza mwaka 2003, likahamisha kompyuta karibu 15,000 kufikia mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Sababu zilikuwa nyingi, nyingine za kiufundi na nyingine za kisiasa. Kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba kuhama ni lelemama. Kunahitaji mafunzo, subira na viongozi wasioyumba.

Na wapo watakaosema: mimi sina cha kuficha. Ndugu yangu, mlango wa choo unaufunga kila siku. Kuna uhalifu gani unaoutenda humo?

ONDOKA NA HAYA

Kwanza, weka LibreOffice kwenye kompyuta yako au ya kikundi chenu. Inapatikana bure kwenye tovuti ya libreoffice.org, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Haikudai kufungua akaunti wala kutoa namba ya simu ili uandike barua.

Pili, nakala mama ya kila hati yako ihifadhi kwa muundo wa ODF. Unayempelekea asome tu, mpe PDF. Mwenye kuidai .docx, mtengenezee nakala, na uikague kabla ya kuituma.

Tatu, lifunge faili mdomo. Ndani ya LibreOffice, kwenye orodha ya File kuna sehemu ya Properties, humo utaona jina lako na muda ulioandika. Pafute. Kwenye mipangilio ya usalama kuna kisanduku cha kuondoa taarifa binafsi kila unapohifadhi. Kitie alama. Na kama mlikuwa mnasahihishana, hakikisha masahihisho yamekubaliwa yote, yasije yakasafiri na barua. Mkimaliza, fungueni nakala hiyo tena muangalie. Kuhamia programu huria pekee hakukuondolei kazi hii.

Nne, orodha za wanachama wa kikundi, za michango na za namba za simu, zihifadhi kwa nywila. LibreOffice ina kisanduku hicho palepale unapohifadhi. Lakini nywila ukiisahau usimtafute fundi, hakuna mlango wa nyuma.

Tano, steshenari nenda na PDF kwenye flashi. Ukishaprinti, futa nakala iliyobaki, na pipa la taka la kompyuta limwage. Kama ulifungua barua pepe, toka. Usione haya kumwambia dada au kaka wa kaunta akusubiri kidogo. Ni mali yako hiyo.

Sita, ulizeni. Shule mnayosoma, halmashauri mnayolipa ushuru, ofisi inayotoa fomu: kwa nini fomu ya umma ifunguke vizuri kwa programu ya kununua tu? Kwa nini orodha ya zabuni isiwekwe kwa muundo ambao kila mwananchi anaweza kuufungua? Hati za miaka ishirini iliyopita zinafunguka leo? Kuuliza si ujinga, na mtumishi wa umma anayekasirika kwa swali kama hilo mwandikieni kwa maandishi. Kwa ODF.

Ndugu zangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Maneno yetu tumeyaazimia nguo kwa watu wa mbali kwa muda mrefu mno, na kila siku tunavutwa upindo. Uzi upo, sindano ipo, na kitambaa ni cha bure. Aliyebakia kukaa kushona ni wewe.